Boksi Lililolia Kama Nazi

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Koroma, kwa asiyelijua, ni tunda la mnazi lililokwisha kupita udafu lakini halijafikia unazi: maji yake yamepoteza utamu, na nyama yake haijawa na tui la kutosha hata kuunga kisamvu cha mtu mmoja. Maana ya wahenga ni kwamba mtu akizidi kuchagua, akaliacha hili kwa kasoro na lile kwa kisingizio, mwisho huambulia lile ambalo hakuna aliyelitaka. Maneno hayo watu wote wa Mbuchi, kijiji cha kwenye delta ya mto, waliyakubali, isipokuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa Bi Mwajabu binti Mshamu.

"Wahenga hao hawakujua kuchagua," alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Mie nachagua nazi tangu sijavunja ungo, na sijapata koroma hata moja. Leteni methali nyingine!"

Na kweli, kwa nazi hakuwa na mpinzani. Alipofika penye rundo la muuzaji, wanawake wengine walisogea kando kumpisha. Alichukua nazi moja, akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akaiinua sikioni, akaitikisa. Ikilia chwa-chwa-chwa, hiyo ni nzima, inaingia kapuni. Ikinyamaza, "Koroma hilo!" na linarudi kwenye rundo kwa kishindo. Kutokana na ushindi huo, Bi Mwajabu aliamini kwamba sikio lake linajua kila kitu duniani. Alitikisa vibiriti, alitikisa tochi, alitikisa hata saa ya ukutani ya msikitini walipomwomba ashauri. Watu walitania kwamba marehemu mumewe naye alitikiswa kwanza kabla posa yake haijakubaliwa.

Bi Mwajabu alikuwa akiishi na mjukuu wake Nasra, binti wa miaka kumi, mwembamba na mwenye macho yasiyotulia. Mama yake Nasra, aitwaye Salama, alipoachika alikwenda kutafuta riziki Dar es Salaam, akapata kazi ya usafi ndani ya ile treni ya umeme iendayo Dodoma. Nasra hakuwahi kuiona treni kwa macho yake. Huko delta watu husafiri kwa maji, na reli iko mbali. Lakini mama yake alimtumia picha moja katika simu ya bibi: Salama amesimama mlangoni mwa behewa, amevaa sare na mtandio, anacheka. Nasra aliitazama picha ile kila siku mpaka kioo cha simu kikachakaa mahali pale pale.

Siku moja Maalim Mudathiri, mwalimu wa chuo alichosoma Nasra, alikuja na habari njema. Nasra amebakiza sura chache tu kuuhitimu msahafu, na Ijumaa ijayo atasomewa dua mbele za watu. Bi Mwajabu alipiga kigelegele kilichowatoa kuku barazani.

"Sema unataka zawadi gani, mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, maana ndivyo bibi wa pwani anavyomtania mjukuu wa kike. "Sema, hata ukitaka mwezi nitakuchumia."

Nasra hakufikiri hata kidogo. "Nataka treni, bibi. Ile ya kuchezea, yenye reli zake, inayozunguka yenyewe. Nataka kuiona inavyokwenda, nijue mama anakwendaje."

Salama alikuwa ameshapiga simu kusema amenyimwa ruhusa ya kuja Ijumaa. Basi treni hiyo ingekuwa badala ya mama siku hiyo, na bibi aliapa moyoni kwamba itapatikana iliyo bora kuliko zote.

Hilo la "bora kuliko zote" ndilo lililomtia Nasra wasiwasi. Mwaka uliopita aliahidiwa baiskeli ya Idi. Bibi yake alikwenda kuitafuta mara tatu. Ya kwanza kengele yake ilimkera, ya pili kiti kilikuwa na rangi ya huzuni, ya tatu aliitikisa ikanyamaza. Idi ikaja, ikapita, na watoto wa jirani wakaendesha baiskeli zao huku Nasra akiwasukuma. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri, bibi alipokuwa akifunga khanga yake ya safari, Nasra alimshika mkono.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "usichague sana. Yoyote tu."

"Yoyote!" Bi Mwajabu alicheka. "Yoyote huokotwa jalalani. Wewe subiri uone!"

Aliondoka na shoga yake wa tangu utoto, Bi Siti, mwanamke mnene asiye na haraka, ambaye hununua kitu cha kwanza anachokiona ili apate kukaa chini mapema. Walivuka kwa boti, wakapanda bodaboda, kisha basi, wakashuka Kibiti jua likiwa bado la kirafiki. Mwenye boti aliwaonya kabla hawajatengana: maji yakianza kupwa, yeye anang'oa, kwa sababu mkondo ule ukikauka boti hukwama topeni mpaka kesho.

Duka la kwanza lilikuwa hapo hapo karibu na stendi. Mwenyewe, kijana mtaratibu aitwaye Bashiru, aliposikia neno treni aliteremsha boksi la buluu kutoka rafu ya juu, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Juu yake palichorwa kichwa cha treni, mabehewa matatu na reli iliyofanya duara.

"Hili limebaki moja tu, bibi. Linatumia betri. Ngoja nilifungue niliwashe, ulione linavyokwenda."

"Acha!" Bi Mwajabu alimzuia. "Nazi haivunjwi dukani, mwanangu. Anayeijua nazi huisikia."

Bashiru alimtazama Bi Siti kuomba tafsiri. Bi Siti alikuwa ameshapata kigoda. Bi Mwajabu alilichukua boksi, akalikwaruza pembeni kwa ukucha wa kidole gumba mpaka karatasi ikachubuka, akaliinua sikioni, akalitikisa. Kimya. Akalitikisa tena kwa nguvu zaidi. Kimya kabisa, kwa kuwa kila kitu ndani yake kilikuwa kimelazwa vizuri kwenye sponji.

"Koroma hili," alisema, akamrudishia.

"Shoga, mbona ni zuri?" Bi Siti aliuliza. "Buluu kama sare ya Salama. Lipia, tukanywe chai."

"Wewe Siti ungenunua hata kivuli kama kingekaa karibu na kigoda. Twende!"

Wakaenda. Katika duka la pili, treni ilichorwa ikitoa moshi mweusi. "Treni ya mwanangu haina moshi," alisema Bi Mwajabu, "mjukuu wangu atanicheka." Katika duka la tatu treni ilikuwa nyekundu, na nyekundu, kwa maoni yake, ni rangi ya ugomvi. Duka la nne walikuwa nayo nzuri sana, ya kijani, hata Bi Mwajabu alitabasamu. Bi Siti akaanza kumshukuru Mungu. Lakini shoga yake alisogeza boksi karibu na macho na kuwakagua abiria waliochorwa madirishani mmoja mmoja.

"Hawa wanawake wote vichwa wazi?" aliuliza.

"Bibi, hiyo ni michoro," muuzaji alisema.

"Hata kama. Mtoto anahitimu msahafu kesho, mie nimpelekee vichwa wazi?"

Bi Siti alitoka nje, akakaa juu ya gunia la mtu, akavua viatu. Jua halikuwa na urafiki tena. Waliingia duka la tano na la sita, na kila walipotoka Bi Siti alikuwa na neno fupi zaidi, mpaka akabaki na kuguna tu. Adhana ya adhuhuri ilisikika, wakaswali, na walipomaliza Bi Siti alitazama saa ya mtu aliyekuwa karibu akashika kichwa.

"Mwajabu! Maji yanapwa! Tukikosa boti tumekosa dua ya mtoto!"

Hapo Bi Mwajabu aliona hali imekuwa mbaya. Walikimbia kuelekea stendi, viatu vya Bi Siti mkononi. Walipita mbele ya duka la Bashiru, na boksi la buluu lilikuwa pale pale kwenye rafu.

"Shoga, lile pale!" Bi Siti alinyoosha kidole. "Mkono tu, uingize mkono, ulitoe, twende!"

Bi Mwajabu alisimama. Moyo ulimwambia ingia. Lakini aliyafikiria maneno aliyoyasema asubuhi mbele ya yule kijana, na shingo ikakataa kuinama. "Nikirudie nilichokiita koroma kwa kinywa changu? Mie, Mwajabu?"

Bi Siti akasema, "Haya."

Kando ya mabasi palikuwa na kijana mmoja amemwaga bidhaa juu ya turubai: vyombo, viatu, chaja za simu na, katikati yake, boksi moja kubwa la rangi ya dhahabu. Kijana huyo, Kheri, alikuwa na ulimi wa Kariakoo.

"Bi mkubwa, mzigo huo wa maana! Seti nzima ya treni, full mbwembwe. Ndiyo ya mwisho, nafunga."

Bi Mwajabu aliliinua lile boksi, akalitikisa sikioni. Chwaka-chwaka-chwaka! Lililia kama nazi tatu kwa pamoja. Uso wake uling'aa.

"Unasikia, Siti? Unasikia? Hii ndiyo nazi!"

"Lifungue kwanza," alisema Bi Siti.

"Maji yanapwa!" Bi Mwajabu alimkumbusha, akalipa, akalitia boksi kwapani, wakarukia basi lililokuwa likianza kuondoka. Njia nzima alikuwa akilitikisa taratibu na kucheka peke yake, na abiria wa mbele aligeuka mara mbili.

Ijumaa, baada ya swala, ua wa Bi Mwajabu ulijaa watu. Sufuria za wali wa nazi zilikuwa zikitoa mvuke, nazi zote zimechaguliwa na mwenyewe, na tui lilikuwa zito kama maziwa. Nasra alikaa mkekani mbele ya Maalim Mudathiri, mtandio mweupe, akasoma sura za mwisho bila kukosea hata herufi. Alipomaliza, dua ikasomwa, watu wakaitikia amina, na vigelegele vikasikika mpaka ng'ambo ya mto. Nasra alitabasamu, lakini macho yake yalikwenda mara moja njia ya bandarini, yakarudi. Bi Mwajabu aliliona hilo na akaharakisha.

"Sasa zawadi!" alitangaza. Alilitoa boksi la dhahabu, akalizungusha ili kila mwanamke alione, akalitikisa juu kabisa. Chwaka-chwaka! "Wote mmelisikia? Treni inalia humo ndani, inataka kutoka!"

Nasra alilipokea kwa mikono miwili. Alifungua kifuniko, akainamisha boksi juu ya mkeka, na vilivyokuwemo vikamwagika.

Kilianguka kichwa cha treni kisicho na magurudumu ya mbele. Kikafuata kipande cha reli, na vingine vitano, vyote vilivyopinda, visivyotosha hata nusu duara. Likaanguka behewa moja lisilo na paa. Kisha tairi la pikipiki ya kuchezea, betri mbili zilizovuja, na mwisho kabisa, polepole, kana kwamba unaona haya, mguu mmoja wa mwanasesere wenye kiatu chekundu.

Nasra alikiokota kichwa cha treni, akakiweka juu ya kipande cha reli, akakisukuma kwa kidole. Kilianguka kifudifudi. Akakisimamisha tena. Kikaanguka tena. Aliuma mdomo wa chini, akamwinulia bibi yake uso.

"Ni nzuri, bibi," alisema. "Asante."

Laiti mtoto yule angelia! Laiti angerusha vitu, akapiga miguu chini, Bi Mwajabu angejua la kufanya. Lakini lile neno "nzuri" lilimchoma kuliko tusi. Aliikumbuka baiskeli. Alikumbuka mkono mdogo uliomshika alfajiri, na sauti iliyosema yoyote tu. Mtoto aliomba kitu kimoja, na kitu hicho bibi alikishika kwa mikono yake katika duka la kwanza kabisa, akakirudisha kwa kuwa hakikupiga kelele. Alikaa chini kwenye mkeka, mbele za watu wote, akaona aibu na huzuni vimemjia kwa pamoja, na machozi yakamlengalenga.

"Nisamehe, mke mwenzangu," alisema. "Nimekukosea."

Nasra alimkumbatia shingoni. Ndipo mtoto mmoja aliyekuwa ukingoni mwa ua alipopiga kelele, "Boti! Boti inakuja na mtu wa sare!"

Hakuna aliyemsikia Nasra akiondoka. Walichoona ni mtandio mweupe ukikata kona ya nyumba, na walipofika gatini walimkuta amemning'inia mama yake kiunoni. Salama alikuwa na tope mpaka magotini, sare yake ya buluu imekunjamana, na anacheka kama katika ile picha. Mwenzake kazini alikubali kubadilishana zamu dakika ya mwisho. Alifika Kibiti jana jioni boti zimeshaondoka, akalala kwa shangazi yake, na leo amesubiri maji yajae.

"Dua imeshasomwa, mama," Nasra alisema, "lakini nitakusomea tena zote!"

"Utanisomea, mwanangu. Na mimi nimekuletea kitu."

Salama alishusha mfuko kichwani, akatoa boksi la buluu. Bi Siti, aliyekuwa amefika akihema, alilitazama boksi, akamtazama shoga yake, akaufunika mdomo kwa upande wa khanga.

"Umelipata wapi hilo?" Bi Mwajabu aliuliza kwa sauti isiyo yake.

"Duka la kwanza pale stendi, mama. Niliingia, nikaliona, kijana akaliwasha, nikaona linazunguka, nikalipa. Sikukaa hata dakika tano. Nilijua umemwahidi treni," Salama alisita, akatabasamu kwa heshima, "na nikaikumbuka ile baiskeli. Nikasema bora niwe na akiba. Yule kijana hata alinipunguzia kidogo, kwa sababu lina mchubuko hapa pembeni. Eti kuna bibi mmoja alikuja asubuhi akalikwaruza kwa kucha, akalitikisa sikioni, akaliita koroma, akaenda zake!"

Bi Siti hakuweza tena. Alikaa chini juu ya gati kwa kicheko, na wanawake waliokuwa nyuma, walioujua ule ukucha kwa miaka arobaini, wakafuata mmoja mmoja. Salama aliwatazama wote bila kuelewa. Kisha akakitazama kidole gumba cha mama yake, akashika mdomo.

"Mama! Si wewe!"

"Ni mimi," alisema Bi Mwajabu. Na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, bali mgumu wa shingo tu, naye alianza kucheka, machozi yake yakabadilisha kazi palepale.

Reli ya buluu ilitandazwa juu ya mkeka, duara kamili, hakuna kipande kilichopungua. Nasra alibonyeza kitufe mwenyewe. Treni ilinguruma kidogo, ikaanza safari, ikaupita mguu wa Maalim Mudathiri, ikazunguka sahani ya wali, ikarudi ilikotoka. Nasra alilala kifudifudi, shavu limegusa mkeka, akiitazama ikija na kwenda.

"Kwa hiyo unakwenda, halafu unarudi hapa hapa," alimwambia mama yake.

"Narudi hapa hapa," Salama alimjibu, akamshika kichwa.

Watoto walidai treni iwe na abiria, na kwa kuwa hawakuona mwingine aliye tayari, waliupandisha ule mguu wenye kiatu chekundu katika behewa la pili. Ukasafiri kwa adabu kabisa, dirishani, mchana kutwa.

Wanawake walipokuwa wakipakua wali, Bi Siti aligonga sufuria kwa mwiko. "Jamani, kuna mtu hapa alisema wahenga hawakujua kuchagua. Tunamsubiri!"

Bi Mwajabu aliinuka. Alilichukua boksi la dhahabu pamoja na vilivyobaki ndani yake, akaliinua sikioni, akalitikisa mara ya mwisho. Chwaka-chwaka-chwaka. Alilisikiliza mpaka likanyamaza, kisha akaligeukia kundi la wanawake.

"Nazi nimechagua maisha yangu yote na hazikuwahi kunishinda," alisema. "Nikadhani methali ile haina mwenyewe. Leo amepatikana, na jina lake Mwajabu. Andikeni, wafundisheni na watoto: mchagua nazi hupata koroma."